Dado la Moja Tupu

Sehemu ya Tano

Kuna msomaji ameniandikia barua. Jina hakuweka, ila mwandiko ni wa kike. Anasema: "Bwana Angdus, wiki iliyopita ulijisifu mno. Mtu aliyechonga madado ya wizi hapaswi kutusimulia huku anacheka. Huna haya?"

Dada yangu, wiki hii sicheki. Soma mpaka mwisho, halafu uniandikie tena, na safari hii weka jina.

Kwa waliochelewa: mimi ni mchongaji, wa mifupa na wa miti, wa kijiji cha Skyurlung, bonde la juu kabisa huko Ladakhi. Baba alikufa akaniachia patasi zake na mdogo wangu mmoja, Lundup. Nikacheza madado na jirani yetu Murup, nikapoteza kilemba cha feruzi cha mama. Kilemba hicho ndicho heshima ya mwanamke wa kwetu. Alikivaa mama yake, na mama wa mama yake. Mama akakaa miaka miwili haendi harusini wala hekaluni, eti miguu inamuuma. Miguu ilikuwa mizima.

Basi nikachonga madado mawili ya mfupa, nikayatoboa upande wa sita, nikatia risasi iliyoyeyushwa, nikaziba. Upande mzito ukilala chini, moja inatazama juu. Nikamrudia Murup, na kilemba nikakirudisha.

Mnajua tayari kwamba moja na moja tunaiita para. Katika mchezo wetu hakuna kitu kitamu kama para. Ukiipata unatupa tena, na nyumba nzima inapiga kelele. Kijiji kizima kikaanza kuniita Mfalme wa Para, nami nikaitika.

Sasa sikilizeni hesabu, maana bila hesabu hamtaelewa nilichofanya.

Madado mawili ya haki yana njia thelathini na sita za kutua. Baba alinifundisha kwa punje za shayiri juu ya ngozi: mistari sita, kila mstari punje sita. Nami nikamfundisha Lundup akiwa na miaka saba. Saba ina njia sita. Nane ina tano. Para ina njia moja tu, punje moja peke yake kwenye kona.

Yangu nilikuwa nimeyajaribu chumbani, nikayatupa mara mia na ishirini. Para ikatoka mara ishirini. Yaani mara moja katika kila sita. Sikutaka izidi hapo, watu wangeshtuka.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Mvua ya mawe ilimaliza shayiri, mbuzi wakafa kwa kuharisha, na majirani wawili walizika watoto wachanga kabla theluji haijayeyuka. Lundup na mkewe Kunzes walikuwa wamemzika wa kwao mwaka juzi. Sasa Kunzes alikuwa na mimba ya miezi minane, na alitembea akijishika tumbo kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Kwetu mwaka wa namna hiyo hauachwi ukae. Anatafutwa mtu wa kuubeba, tunamwita Mbeba Mwaka. Anavalishwa ngozi ya mbuzi manyoya ndani, uso anapakwa nusu masizi nusu unga. Anacheza dado na mtawa mbele ya watu wote, anashindwa, anafukuzwa kwa miluzi na mawe mpaka ng'ambo ya daraja. Anakaa siku kumi na nne kwenye zizi la mawe juu ya mlima. Hapewi moto. Jina lake halitajwi. Akirudi mzima, kijiji kinamlimia shamba lake. Asiporudi, watu wanasema mwaka umekubali kuondoka naye.

Naye anachaguliwa kwa madado. Kila nyumba ambayo haijabeba inatoa mtu mmoja, anatupa mara moja. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye anayebeba.

Zilikuwa zimebaki nyumba saba. Yangu moja. Ya Murup moja. Na ya Lundup, tangu alipooa akahama kwetu.

Tulikusanyika kwa mkuu wa kijiji, Mzee Phunchok, baada ya chai ya asubuhi. Wanawake walikaa upande wa jiko. Mama alikuwa katikati yao na kilemba chake kichwani, mara ya kwanza hadharani baada ya miaka miwili. Feruzi zilikuwa zimepangwa kuanzia paji la uso mpaka mgongoni, na kila mwanamke aliyeingia aligusa moja akasema kitu. Mama alikuwa anacheka mpaka anafunika mdomo.

Mzee Phunchok akafungua mfuko wa madado ya kijiji. Akamimina. Akaokota moja, akalisogeza karibu na macho.

"Panya," akasema.

"Nini?"

"Panya amekula hili. Tazameni, kona mbili hazipo."

Wazee wakasogea, wakalishika kwa zamu kama vile likishikwa sana litapona.

"Dado lililotafunwa haliwezi kusema ukweli," akasema Mzee Phunchok. "Angdus, utuchongee jingine."

"Nipeni siku mbili," nikasema.

"Siku mbili hatuna. Mtawa ameshapiga hesabu yake, ni leo."

Hapo Murup akanyanyua kichwa. Alikuwa na kinyongo na mimi, na alikuwa na haki nacho, ila hakujua ni kwa nini.

"Jamani, mbona tunahangaika? Si kuna madado ya Mfalme wa Para? Yamenila mimi mpaka kilemba. Acheni yawale na nyie kidogo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi jasho likanitoka, na nje maji yalikuwa yameganda kwenye ndoo.

"Nimeyaacha nyumbani," nikasema.

"Aa, kaka!" Ilikuwa sauti ya Lundup, amekaa nyuma yangu. "Acha utani wako." Akapitisha mkono begani kwangu, akauingiza kifuani mwa koti langu, akayatoa. Akayainua juu ili wote wayaone. "Haya hapa! Huyu analala nayo. Angekuwa na mke angelalamika!"

Wakacheka tena. Naye akacheka nao, halafu kikohozi kikamkamata, akainama mpaka kikapita. Kifua kile kilimwanza msimu wa vuli alipoangukia mtoni akimwokoa mbuzi wangu. Wangu, si wake. Mganga wa zahanati ya bondeni alimwambia asilale kwenye baridi hata usiku mmoja.

Yale madado alinipa mimi kwanza. Kaka mkubwa hutangulia.

Madado yangu yana siri moja. Kwetu hutikiswa ndani ya bakuli, kisha bakuli likapigwa chini kifudifudi. Ukilipiga kwa nguvu, yanabiringika, uzito unafanya kazi yake. Ukiyalaza polepole, yanabaki ulivyoyapanga. Nikalilaza bakuli juu ya ngozi ya yaki kwa mkono laini.

"Leo unalaza mtoto?" Murup akauliza.

Nikafunua. Sita na tatu. Tisa.

"Tisa ya Angdus," akasema Mzee Phunchok, akaweka kijiwe.

Nilikuwa nimeokoka. Nataka mjue kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilijisikia vizuri kabisa, kwa muda wa kama kumeza mate.

Wa pili akapiga bakuli kama mwanamume anavyopaswa kupiga. Moja na nne, tano. Wa tatu, moja na sita, saba. Wa nne, moja na tatu, nne. Wa tano akapata nane, akabusu bakuli.

"Moja nyingi leo," akasema Mzee Phunchok, akitikisa kichwa. "Mwaka mzito huu. Hata madado yanaujua."

Wa sita alikuwa Murup. Akatemea viganja, akapiga bakuli mpaka vikombe vikaruka. Akafunua. Moja na mbili.

Tatu.

Murup alibaki ameshika bakuli hewani.

"Nina miaka hamsini na nane," akasema. Halikuwa jambo la kumwambia mtu, lilimtoka tu. "Goti hili haliwezi kufika hata darajani."

Amebaki Lundup. Akajisogeza mbele, akakusanya madado, akanitazama kwa lile jicho la utani.

"Kaka, mtihani. Zilizo chini ya tatu ni ngapi?"

"Moja."

"Katika?"

"Thelathini na sita."

"Na za kulingana na Mzee Murup, turudie wawili?"

"Mbili."

"Basi thelathini na tatu ni zangu." Akawageukia wanawake. "Kunzes, umesikia? Thelathini na tatu! Anza kupika."

Kunzes akatabasamu. Alimwamini yeye, na yeye aliniamini mimi.

Wasomaji wangu, nilikuwa na muda. Asije mtu akaniambia mambo yalienda haraka. Alitikisa lile bakuli taratibu, akaimba ule wimbo wa kuita namba kubwa, wote beti mbili. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne: hayo madado si mazuri. Upigaji ungefutwa. Murup angepona, Lundup angepona.

Na Murup angenyoosha mkono na kumvua mama kilemba mbele ya wanawake wote.

Nikamtazama mama. Mama akanitazama, akanirekebishia kola kwa ishara kutoka kule alikokaa, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

Nikajiambia, moja katika sita. Tano salama. Watu wanavuka mto kwa nafasi mbaya kuliko hiyo.

Lundup akapiga bakuli.

Akafunua, akaona, na mazoea yakamshinda. "Para!" akapiga kelele, mkono juu, uso umejaa furaha, kama tulivyokuwa tukifanya tangu utotoni.

Hakuna aliyeitikia. Mkono wake ukabaki juu kidogo, kisha ukashuka wenyewe.

"Mbili ya Lundup," akasema Mzee Phunchok kwa sauti ya chini, na akaweka kijiwe cha mwisho.

Kunzes alinikuta uani, nimeegemea ukuta nikijifanya nakojoa.

"Shemeji."

"Ndiyo, Kunzes."

"Wewe ndiye unayejua haya mambo. Nieleze polepole, mimi sikusoma. Amesema ni moja katika thelathini na sita."

"Ndivyo ilivyo."

"Sasa imekuwaje?"

"Hata hiyo moja hutokea. Ni bahati mbaya tu, shemeji."

"Bahati mbaya gani hiyo inayojua njia ya nyumba yangu? Mwaka juzi ilikuja. Leo imekuja tena. Hata haigongi mlango." Akashika ukuta. "Amekohoa damu juzi. Hakukuambia. Alisema nisikwambie, utajilaumu kwa ajili ya yule mbuzi."

Nikarudi ndani nikiwa nakimbia. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Phunchok.

"Mzee, nipeleke mimi. Mdogo wangu mgonjwa, unamwona. Mimi sina mke, sina mtoto."

"Madado yameshasema, Angdus."

"Yanaweza kukosea!"

Akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Ni ya kwako," akasema. "Yanakosea?"

Hapo nikapewa nafasi ya pili. Wangapi wanapewa nafasi ya pili? Mzee ameniuliza wazi, ameniangalia machoni, anasubiri. Na nyuma yake mama amesimama, feruzi zinang'aa, analia kwa ajili ya mwanawe mdogo, huku mkono mmoja umekishika kilemba kisianguke.

"Hayakosei," nikasema.

Ibada ilikuwa baada ya siku tatu. Na kazi ya kuchonga madado ya ibada ni ya nyumba yetu, tangu kwa babu.

Madado hayo ni mawili, ya mti, makubwa kama ngumi ya mtoto. La mtawa lina sita kila upande. La Mbeba Mwaka lina moja kila upande, moja tupu. Wanatupa mara tatu kila mmoja. Mtawa anapata sita, sita, sita. Mbebaji anapata moja, moja, moja, kisha anafukuzwa. Wazee husema kwamba mbebaji akilingana na mtawa hata mara moja, mwaka umemkataa. Anavuliwa ngozi anarudi kwake. Haijawahi kutokea. Ingetokeaje?

Lile la mtawa nililimaliza siku ya kwanza. Kwa lile la pili nikakaa na patasi, nikachonga moja, nikageuza, nikachonga moja. Nikachonga moja pande tano.

Upande wa sita nikachonga sita.

Mtauliza kwa nini sikutia risasi, maana ndiyo kazi yangu. Mtawa huyapima yote mawili viganjani kabla ya kuanza, uzito ukitofautiana anayakataa. Mtauliza kwa nini sikuchonga sita pande mbili au tatu. Mchongaji ndiye anayelionyesha dado kwa watu, analizungusha mkononi, na nina kidole gumba kimoja tu cha kufunikia.

Nikapanga punje, kama baba. Akitupa mara tatu, njia ni mia mbili na kumi na sita. Njia ambazo sita haitoki kabisa ni tano mara tano, mara tano tena: mia moja ishirini na tano. Zinabaki tisini na moja.

Tisini na moja. Haifiki nusu. Nilizihesabu punje zile mara nne, nikitumaini nimekosea.

Ningeweza kutoka nje, nitembee hatua hamsini mpaka kwa Mzee Phunchok, niseme. Hiyo ilikuwa njia ya hakika, haina hesabu. Nikachagua tisini na moja.

Siku ya ibada jua lilikuwa kali, theluji inaumiza macho. Watu walizunguka ua wa hekalu. Lundup akatolewa amevaa ngozi, nusu ya uso nyeusi, nusu nyeupe. Alikuwa amekonda ghafla. Au ni ile ngozi tu, sijui.

Mtawa Thupstan alikuwa mzee sana, macho yake yana ukungu, hata namba haoni. Ndiyo sababu desturi ni kwamba mbebaji mwenyewe anatangaza namba yake kwa sauti. Nani atadanganya? Moja ni moja.

Akayapima madado viganjani. "Sawa," akasema.

Nikalizungusha lile la Lundup mbele ya watu, gumba limekaa mahali pake. Moja, moja, moja. Nikalitia bakulini, nikapiga magoti pembeni, nimeshika kona ya ngozi. Hiyo ndiyo nafasi ya mchongaji. Bakuli likifunuliwa, yeye na mbebaji ndio wa kwanza kuona.

"Mimi ni mlima!" akaimba mtawa. Akatupa. Sita.

"Mimi ni vumbi," akajibu Lundup, ndivyo inavyotakiwa. Akatupa. "Moja!"

Watu wakapiga mluzi wa kwanza.

Mtawa, sita. Lundup akapiga bakuli, kikohozi kikamkatiza, akasubiri kiishe. Akafunua.

"Moja!"

Mluzi wa pili. Watoto wakaanza kuokota mawe.

Mara ya tatu. Mtawa, sita. Lundup akatikisa, akapiga. Akainua bakuli upande wa kwetu tu, upana wa vidole viwili.

Sita.

Vitobo sita, vilivyo safi, nilivyovichonga mwenyewe. Nilitaka kulia kwa sauti. Nikamtazama ili nione furaha yake.

Alikuwa hatazami dado. Alikuwa ananitazama mimi. Nilimwona akifikiri. Aliutazama mkono wangu, akautazama ule uso wa dado, akatazama kule alikosimama Kunzes amejishika tumbo.

Kisha akaingiza kidole chini ya bakuli, akaligeuza dado, akalifunua bakuli lote.

"Moja!" akasema kwa nguvu zake zote.

Mluzi wa tatu ukapasua masikio.

Desturi inasema mchongaji amfunge mbebaji mkanda, amtie dado lake kifuani, aende nalo. Nikamfunga. Tulikuwa karibu, pua kwa pua.

"Kwa nini umeligeuza?" nikamnong'oneza. "Mjinga wewe! Ungekuwa unarudi nyumbani sasa hivi!"

"Nirudi na nini, kaka?"

"Na uhai wako!"

"Mwaka nao ungebaki hapa. Kunzes anajifungua mwezi ujao. Nuksi ingelala wapi? Kitandani kwetu, ipakatwe?" Alikohoa, akameza. "Mmoja nimeshazika. Wa pili siwezi."

"Lundup, sikiliza, hiyo nuksi..."

"Kaza mkanda, watu wanaangalia."

Nikakaza. Nikamtia dado kifuani. Akageuka, akaanza kutembea, watu wakampisha njia ya kuelekea darajani. Alikwenda hatua tano, sita. Nilikuwa nahesabu, mimi ni mtu wa kuhesabu.

Akasimama.

Mbeba Mwaka haruhusiwi kugeuka. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo. Lundup akageuka, akarudi zile hatua zote mpaka mbele yangu. Miluzi ikakatika kwa mshangao.

Alikuwa amelitoa lile dado, analigeuzageuza kiganjani, akiangalia jinsi nilivyochonga.

"Kazi nzuri," akasema. "Mtu hawezi kujua kabisa." Halafu sauti ikashuka. "Kaka, yale mengine. Yale ya mfupa, yale niliyoyatoa mimi kifuani kwako."

"Yana nini?"

"Wewe uliyalaza. Sisi wote tulipiga, wewe ukayalaza kama mayai. Nimelifikiria siku tatu, nikajiambia hapana, Angdus ni kaka yangu." Akalifumbata lile dado. "Mimi sikasiriki. Nataka namba tu, niende nayo kule juu nikapange punje zangu vizuri. Para yako ilikuwa na njia ngapi?"

Jiwe la kwanza likarushwa. Likampata begani, likadunda. Hakusogea wala hakutazama limetoka wapi. Alikuwa ananitazama mimi, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka saba, akisubiri jibu.

Nikainama kama wa kuliokota lile jiwe.

Nikahisi mkono ukinigusa mgongoni, kisha ukatoka. Nikageuka. Alikuwa mama, amesimama karibu kiasi kwamba niliona kila neno limemfikia. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, kwenye kamba za kilemba, anazifungua moja moja bila haraka.

"Mjibu mdogo wako," akasema.